Meza ya Japani na Kahawa ya Uhabeshi: Uchambuzi wa Siku ya Tamaduni katika Shule Moja ya Nsambya

Kisa chenyewe ni kifupi. Mtoto wa kike wa Topu, darasa la mwisho la chekechea, mwenye umri wa miaka mitano na nusu, alivua vazi alilovalishwa kwa ajili ya Siku ya Tamaduni, akaingia chini ya meza aliyopangiwa kusimama, akakataa kutoka. Mwalimu wake alimbembeleza. Mwalimu mkuu alimwahidi soda. Wageni waliendelea kupita, wengine wakicheka, wengine wakiinamisha simu kumpiga picha. Baadaye alitoka mwenyewe, akaenda kuketi mahali ambapo hakupangiwa, na huko akakaa mpaka wazazi walipoanza kuondoka.

Walimu wa shule hiyo waliniomba nikae nao tulichambue jambo hili, kwa kuwa kazi yangu ni kuwafundisha walimu wa chekechea. Ninayoyaandika yametokana na mazungumzo na walimu, mama wa mtoto, mzazi mmoja wa Kihabeshi na watoto wenyewe. Sikuweka jina la mtu wala la shule. Mtoto yule ana haki ya kukua bila siku hiyo kumfuata.

Shule na watu wake

Ni shule ya binafsi yenye Beibi, Mido na Topu, kisha darasa la kwanza mpaka la saba. Iko Nsambya, Kampala, si mbali na kambi ya polisi. Anayelijua eneo hilo anajua mchanganyiko wake. Kuna watoto wa askari waliozaliwa kambini: baba Mwacholi na mama Mteso, au baba Mlugbara na mama Msamia, na lugha inayowakutanisha mezani ni Kiswahili cha kambi. Kuna Waganda wa mitaa ya jirani. Kuna Wakongo wengi, kwani Nsambya, Katwe na Makindye zimewapokea wakimbizi wa mashariki ya Kongo kwa miaka mingi. Wahabeshi na Waeritrea huja kutoka upande wa Kansanga na Kabalagala. Ukisimama uwanjani saa ya mapumziko utasikia Kiganda na Kiswahili vikipishana, na Kiswahili cha Uvira, mji wa mashariki ya Kongo, hakifanani na cha kambini, lakini watoto wanaelewana.

Kiswahili kina historia nzito Uganda. Wazee wengi wa Buganda walikisikia kwanza mdomoni mwa askari, kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Amin, na hofu ile haikuondoka upesi. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katika hali hiyo shule iliamua kuiunganisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na maonyesho ya tamaduni za dunia. Naliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote. Shule yenye watoto wa aina hii ikinyamaza kuhusu tamaduni, watoto watafundishana wenyewe uwanjani, na mafundisho ya uwanjani mara nyingi ni matusi.

Jinsi siku ilivyopangwa

Madarasa yalikuwa kumi, na nchi zikatafutwa kumi: Japani, India, China, Ufaransa, Uingereza, Brazili, Mexico, Nigeria, Misri na Ethiopia. Majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, kila mwalimu akachomoa kimoja. Topu ilipata Japani. Ethiopia iliangukia darasa la nne.

Waraka ukapelekwa nyumbani, kwa Kiingereza. Kila darasa lilitakiwa kuwa na bendera, vazi la nchi, chakula cha nchi, na sentensi tatu za kukaririwa mbele ya wageni. Wazazi wa watoto waliochaguliwa kuvaa walitozwa shilingi 25,000 za kukodi nguo. Kwa mama anayelipa ada kwa kudunduliza, hizo si fedha za kuchezea.

Nataka nimtendee haki mwalimu wa Topu, maana wakati wa lawama yeye ndiye aliyeelekezewa kidole. Alikesha akipaka rangi duara jekundu kwenye shuka jeupe. Alitafuta picha za mlima Fuji. Alifinyanga posho, yaani ugali, na wali kuwa vibonge vidogo, akavifunga kwa vipande vya sukumawiki ili vifanane na sushi. Watoto wake ishirini na kitu walizijua zile sentensi tatu bila kukosea: Japani iko Asia, mji mkuu wake ni Tokyo, watu wake wanakula sushi. Kila alichoagizwa alikifanya, na kwa upendo.

Mtoto ninayemzungumzia alichaguliwa kuvaa kimono kwa sababu, kwa maneno ya mwalimu, “ana sauti na haogopi.” Wazazi wake ni watu wa Uvira, Kivu ya Kusini. Katika mazoezi alikuwa akifanya vizuri kuliko wote.

Siku yenyewe

Saa nne asubuhi wageni wakaanza kuzunguka mezani. Mzee mmoja, babu wa mwanafunzi mwingine, akasimama mbele ya meza ya Japani. Mwalimu aliyakumbuka mazungumzo vizuri.

“Mtoto mzuri, wewe unatoka wapi?”

“Japani.”

Mzee akacheka kwa upole. “Hebu niambie kweli. Unatoka wapi?”

“Nsambya.”

“Hapana, mjukuu wangu. Kwenu. Baba yako ni wa wapi?”

Mtoto akanyamaza. Mzee alirudia swali, na watu wawili waliosimama nyuma yake nao wakaanza kumhimiza ajibu. Hapo ndipo alipofungua mkanda wa lile vazi, akaliacha chini, akaingia chini ya meza.

Kwa wakati ule ule, nyuma ya jengo la darasa la nne, jambo lingine lilikuwa likiendelea ambalo halikuwa kwenye ratiba. Mama mmoja wa Kihabeshi, ambaye mtoto wake yuko darasa hilo, aliona bendera ya kwao imechorwa, akaona kwenye meza kuna chapati iliyokatwa duara kuiwakilisha enjera, mkate mwembamba wa Kihabeshi. Hakulalamika. Alikwenda nyumbani Kansanga akarudi na sigiri, kikaango, kinu kidogo, vikombe visivyo na mikono na jebena, ule mtungi wa udongo wenye shingo nyembamba. Akatandaza majani chini, akawasha makaa, akaanza kuosha kahawa mbichi. Aliwahi kuishi Nairobi kabla ya kufika Kampala, kwa hiyo alizungumza na watoto kwa Kiswahili moja kwa moja.

Moshi wa kahawa inayokaangwa ulipopita uwanjani, meza ya Japani ilibaki na bendera peke yake. Topu nzima ilihamia huko. Mwalimu msaidizi akachora mstari wa chaki ili wasisogelee makaa, wakaketi nyuma yake. Mama akapitisha kikaango mbele ya pua ya kila mmoja, kama inavyofanywa kwa wageni. Akawapa zamu ya kutwanga, wawili wawili. Akaweka ubani juu ya kaa moja. Akamimina bisi kwenye ungo, kwani bisi ndiyo kitafunio cha kahawa hiyo, na watoto wakapewa hizo badala ya kahawa. Watu wazima walipewa kikombe cha kwanza, abol, kisha maji yakaongezwa kwenye unga ule ule ikatoka ya pili, tona, kisha ya tatu, bereka, ambayo ni ya kuwabariki waliovumilia kukaa. Hilo la kukaa liliwashangaza watoto kuliko yote. Mmoja aliuliza, “Kwa nini hawaondoki?” Mama akamjibu, “Ukiondoka kabla ya cha tatu, nitafikiri tumegombana.”

Hapo kwenye mkeka akatokea bibi wa Kiganda, jjajja wa mtoto wa Mido, akasema kwao kahawa haikunywewa, ilitafunwa. Akaeleza jinsi buni zilivyochemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa, zikawekwa kwenye kikapu kidogo, na mgeni akifika hupewa hizo kabla hajaulizwa shida yake. Akaeleza pia omukago: watu wawili wasio ndugu waligawana buni moja, kila mtu nusu yake, iliyopakwa damu ya mwenzake, na kuanzia siku hiyo wakawa ndugu. Watoto walitoa macho. Kahawa ya robusta ni mmea wa asili wa misitu ya Uganda, ilikuwepo kabla ya mkoloni kufikiria kuilima kwa biashara. Arabika ndiyo yenye asili ya Uhabeshi, na leo inalimwa Bugisu kwenye miteremko ya Elgon. Kina mama wawili wasiojuana, mmoja wa arabika na mwingine wa robusta, walikaa mkeka mmoja mbele ya watoto wa miaka mitano wakifundishana jinsi ya kumpokea mgeni. Hakuna mwalimu aliyekuwa amelipanga hilo. Ningetoa fedha zangu kuliona.

Mtoto wetu alikuwa ameshatoka chini ya meza. Wakati wa zamu ya kinu alitwanga pamoja na mtoto wa askari wa kambini, kisha akaomba zamu ya pili.

Alichoulizwa na alichojibu

Baadhi ya walimu walisema mtoto aliona aibu. Mwingine alisema amedekezwa. Mimi nadhani lazima tuanze na swali aliloulizwa, kwa sababu majibu yake mawili yalikuwa sahihi na aliambiwa mara mbili kwamba si hayo.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget na mwenzake Anne-Marie Weil walichapisha utafiti wao juu ya watoto wa Geneva na wazo la nchi. Watoto wadogo walikuwa wakisema wao ni wa Geneva na kwa hiyo si Waswisi, ingawa muda mfupi kabla walikuwa wamesema kwamba Geneva iko Uswisi. Walipoambiwa wachore, walichora Geneva kuwa duara moja na Uswisi duara jingine pembeni. Kwamba kitu kimoja kiwe ndani ya kingine, na mtu awe wa vyote viwili kwa pamoja, lilikuwa jambo lisilowaingia akilini mpaka walipokua zaidi. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Gustav Jahoda aliwahoji watoto wa Glasgow, akaonyesha kuwa hatua zile hazipangiki sawasawa kama Piaget alivyodhani. Sawa. Lakini hata Jahoda hakusema kwamba mtoto wa miaka mitano anabeba ramani kichwani.

Sasa mchukue mtoto wa Nsambya. Mavazini ni Mjapani, na amesifiwa kwa mazoezi ya kusema hivyo. Kitandani ni wa Nsambya. Baba ni wa mahali ambapo yeye, kwa umri wake, hakumbuki au hajawahi kupaona. Mtu mzima anamtaka avipange vitatu hivi katika jibu moja mbele ya watu. Kwangu mimi, kuvua lile vazi lilikuwa jibu la busara kwa mtoto wa umri wake: aliiacha sehemu iliyokuwa ikimletea maswali.

Kuhusu kunyamaza kwake alipoulizwa baba, sitaki kubahatisha. Familia nyingi zilizotoka Kivu zimebeba mambo ambayo hayatamkwi mbele ya mgeni. Pengine ndivyo ilivyo, pengine mtoto hakujua tu. Walimu walitaka kumuuliza mama “habari kamili” ili waelewe. Niliwaomba wasifanye hivyo. Shule haihitaji kujua sababu ili kuheshimu ukimya wa mtoto, na mzazi mkimbizi ameshahojiwa na ofisi nyingi kiasi kwamba shule ya mtoto wake isiwe ofisi nyingine.

Mama mwenyewe alikuwa na lake la kusema, na halikuhusu Uvira. “Hawakuniuliza kitu, Madamu. Waliniambia tu nilete pesa ya nguo. Na mie niko fundi ya nguo.” Anashona vitenge, na wateja wake ni pamoja na wake wa askari wa kambi hiyo hiyo. Katika madarasa yote kumi hakuna mwalimu aliyejua.

Kwa nini Kongo haikuwa mezani

Niliuliza kwa nini nchi za watoto waliomo darasani hazikuingia kwenye vikaratasi, isipokuwa Ethiopia kwa bahati. Nilijibiwa kwa uaminifu, na sababu zilikuwa tatu. Ya kwanza: Kongo wanaijua tayari, waonyeshwe kipya. Ya pili: mwenye shule alitaka picha za kupendeza za kuwavutia wazazi wapya, na shule ya binafsi ikikosa watoto hufungwa. Ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini: waliogopa kuwaweka watoto wakimbizi hadharani.

Ile ya tatu naiheshimu. Ya pili naielewa. Ya kwanza siikubali hata kidogo. Hakuna mtoto wa Kiganda katika Topu aliyejua kwamba mwenzake wa dawati moja hula sombe nyumbani, wala kwamba majani yale ya muhogo hutwangwa kwanza kisha huchemshwa kwa muda mrefu, wala kwamba samaki wadogo anaowapenda mwenzake ni ndagala wa Ziwa Tanganyika, wanaofanana na mukene wa Ziwa Viktoria. Alichojua ni kwamba “Wakongo wanaongea kelele.” Kama huko ndiko kujua, basi siku ya tamaduni ilipaswa kuanzia hapo hapo.

Louise Derman-Sparks, mwalimu wa Marekani aliyeshughulikia elimu ya watoto wadogo na ubaguzi, aliitaja hatari hii mwaka 1989. Alisema kuna namna ya kufundisha tamaduni kama safari ya kitalii: mtoto anapelekwa kwa watu wa nchi nyingine siku moja, anaonyeshwa nguo za sherehe na chakula cha ajabu, kisha anarudishwa kwenye maisha ya kawaida. Anachobakiza ni kwamba wale ni wa ajabu na sisi ndio kawaida. Meza ya Japani ilifanya hivyo hasa. Na kwa sababu hakuna mwenye jambo lake aliyeulizwa, hata kilichoonyeshwa kilipotoshwa. Kimono ile ya satini ilifungwa upande wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto. Mjapani aliye hai huvaa kushoto juu ya kulia. Ule mwingine ni wa kumvisha maiti. Simlaumu aliyemvisha mtoto. Ninasema tu kwamba tulimvisha mtoto wa watu vazi tusilolijua, tukamwambia ajibu maswali juu yake.

Je, Japani isifundishwe Nsambya? Hapana, sisemi hivyo, na walimu walipodhani ndicho ninachosema niliwasimamisha. Japani ina mengi ambayo mtoto wa Topu angeyaelewa mara moja. Shuleni watoto hubadilisha viatu mlangoni, wakavaa vya ndani. Saa ya chakula wenyewe hufunga aproni, wakapakulia wenzao, na hawali mpaka wote wamepakuliwa na wamesema kwa pamoja neno la shukrani. Baada ya masomo hufagia na kufuta darasa lao. Mtoto wa Kampala anayefagia kiwanja asubuhi kabla ya gwaride angeona mwenzake pale. Fikirieni meza ya Japani ambayo mgeni anaombwa avue viatu, aketi, apakuliwe na mtoto wa miaka mitano aliyefunga aproni. Mtoto huyo asingehitaji kusema anatoka wapi. Angekuwa na kazi mkononi.

Hilo ndilo lililotofautisha meza ile na mkeka wa kahawa. Kwa mama Mhabeshi kulikuwa na mtu ambaye jambo ni lake, kulikuwa na kazi ya kufanya, na kulikuwa na muda wa kutosha. Utamaduni ulikuwa kitu kinachotendwa na mtu fulani, kwa ajili ya mtu fulani, kwa sababu wanayoweza kuieleza. Mtoto wa umri huo hujifunza hivyo kila kitu kingine. Sijui kwa nini tunabadili njia tukifika kwenye dunia.

Hoja ya baba askari

Katika kikao cha wazazi baba mmoja, askari polisi, alipinga kwa nguvu. Alisema mtoto wake anaingia darasa la kwanza mwakani, shule nzuri zina usaili, na kwenye usaili huulizwa miji mikuu na bendera. “Mwalimu, kutwanga kahawa atatwanga nyumbani.”

Hoja yake ni ya mzazi anayejua mlango alioufungua kwa taabu, na sikutaka ipuuzwe. Nilimwonyesha mtaala wenyewe. Somo la maarifa ya jamii huanza na wilaya katika darasa la nne, Uganda katika la tano, Afrika Mashariki katika la sita, na Afrika nzima katika la saba. Mtaala wa madarasa ya chini, uliopangwa kwa mada tangu mwaka 2007, unaanzia shuleni, nyumbani na jirani, ukapita kwenye chakula, kuishi pamoja na vitu tunavyotengeneza. Waliouandika walijua kwamba mtoto huanzia anaposimama. Mji mkuu wa Japani utafika wakati wake, na utamkuta mtoto ambaye tayari anajua kuwa watu wengine wana sababu za kufanya wanavyofanya. Alisikiliza. Hakukubali yote, na usaili bado upo. Hilo ni tatizo la shule za Kampala ambalo kikao kimoja hakiwezi kulitatua.

Kilichobadilishwa

Kura za nchi zimeondolewa kwa Topu na chini yake, na kwa madarasa matatu ya kwanza. Badala yake umeandikwa waraka wa Kiswahili na Kiganda wenye swali moja: kuna jambo gani mnalolifanya nyumbani ambalo mngependa kuwaonyesha watoto wengine? Chini yake kuna mstari nilioung'ang'ania, unaosema mzazi yeyote anaweza kukataa na mtoto wake ataendelea kushiriki kama wengine. Bila mstari ule, ombi la shule kwa mama mgeni ni amri.

Kwa mavazi, walimu walitaka kila mtoto aje na “vazi la kabila lake.” Tulibishana hapo kwa muda. Mtoto wa Mwacholi na Mteso aliyezaliwa kambini Nsambya avae la nani? Nikapendekeza waanze na nguo ambazo zipo tayari kwenye kila sherehe ya Kampala na wazifuatilie zilikopita. Gomesi, ambayo leo hakuna kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, bila hiyo, jina lake ni la Gomes, fundi Mgoa aliyeishona mapema katika karne ya 20. Kanzu ilifika Buganda kutoka pwani na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili katika karne ya 19. Kitenge cha mama wa Uvira ni mjukuu wa batiki ya Java: Waholanzi waliiga ufundi huo kwa mashine wakaleta vitambaa Afrika. Kisha kuna lubugo, gome la mtuba linalobanduliwa na kupigwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa nguo, ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2005. Mti hufungwa majani ya mgomba baada ya kubanduliwa, ukaota gome jipya. Weka vipande vinne hivyo mikononi mwa watoto wa miaka mitano, wavishike, wavinuse, wavisikie vikisuguana. Dunia itakuwa imefika darasani bila mtu kuvalishwa uongo.

Wageni nao watapewa maelekezo langoni, na hili naliona kubwa kuliko yote, kwa sababu babu yule hakuwa na nia mbaya. Wataombwa wasimwulize mtoto anatoka wapi. Wamwulize: unafanya nini hapa? Unaweza kunifundisha?

Sentensi za kukariri zimefutwa kwa chekechea. Ilikuwa inauma, kwa kweli, kwamba siku iliyotangazwa kuwa ya Kiswahili ilikuwa na hotuba na mashairi ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na mama wa Uvira alisimama nyuma hajui mtoto wake anasema nini. Kiswahili kilisikika kwenye mkeka wa kahawa tu. Safari hii watoto wa kambini, ambao Kiswahili chao kimekuwa kikichekwa kwamba ni cha askari, ndio watakaowatafsiria wageni.

Mama Mhabeshi amekubali kurudi. Jjajja ameahidi kuja na kikapu cha buni. Mama wa mtoto wetu amekataa kushiriki, na mwalimu wa Topu alihuzunika, lakini hakumsukuma. Mama alituma mfuko wa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye cherehani yake, akasema watoto wavitumie watakavyo. Mwenye shule bado hajaridhika. Anasema picha ya watoto wamekaa chini wanakula bisi haiwezi kuuza shule, na anataka angalau bendera zirudi ukutani. Suala la bendera limeachiwa kikao cha kufungulia muhula, pamoja na ombi la walimu kwamba mtoto yeyote asipigwe picha na mgeni bila ruhusa ya mwalimu wa darasa.